Mwaridi Ukiota Vibaya, Usikimbilie Bomba

Mkulima wa Kongowe akiona jani la muhogo limejikunja na kuingia mabaka ya njano, hahitaji kuambiwa kwamba ni batobato. Hugeuza jani kutafuta inzi weupe, kisha huangalia shamba la jirani. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika nchi hii hii ya Tanzania, mwaka 1894, na wazee wetu wameishi nao tangu hapo. Lakini mkulima huyo huyo, mwaridi wa mbele ya baraza ukitoa matawi ya ajabu, huenda duka la pembejeo, akanunua sumu ya wadudu na kupulizia bustani nzima. Kwa nini jicho linaloujua muhogo lisiutazame na mwaridi?

Kwanza angalia kilichoharibika: ni tawi moja, mti mzima, au na majirani zake? Kama mwaridi umetoa vijani vyembamba kama nyuzi, vilivyopauka na kusongamana, na mchicha wa pembeni nao umepinda, shuku dawa ya magugu. Viwanja vingi siku hizi husafishwa kwa dawa badala ya jembe, na upepo haujui mpaka. Pengine bomba lililobeba dawa ya magugu juzi ndilo lililopulizia waridi leo. Mti ulioguswa kidogo huweza kupona. Upe maji na subira.

Machipukizi mekundu yasikutishe. Miwaridi mingi huchipua ikiwa na rangi hiyo, kisha majani hugeuka kijani. Picha za kwenye simu huonyesha ugonjwa wa rozeti unaosumbua Marekani, ambao kirusi chake kilitambuliwa mwaka 2011 na hubebwa na utitiri usioonekana kwa macho. Huo huja na fungu la matawi yaliyosongamana na miiba mingi kupita kiasi. Wekundu peke yake si ugonjwa.

Ninachokiogopa zaidi kiko chini. Fukua udongo taratibu kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, utafute nundu. Nundu changa huwa laini na nyeupe. Ikikomaa hugeuka kahawia, ikawa ngumu yenye nyufa. Usiichanganye na kovu la kubebesha, ambalo limetulia na haliongezeki. Nundu husababishwa na bakteria aitwaye Agrobacterium tumefaciens, aliyetambuliwa na Erwin Smith na C. O. Townsend mwaka 1907. Huingia kwenye jeraha la jembe au mkasi, akapandikiza sehemu ya vinasaba vyake ndani ya seli za mmea. Tangu hapo mmea wenyewe ndio unaoijenga nundu, hata bakteria wakiondoka. Ndiyo maana hakuna dawa ya kupulizia itakayoiponya.

Mti wenye nundu shingoni ung'oe pamoja na mizizi, uuchome, wala usiutupe kwenye mboji. Usikate vipando kutoka kwake, hata kama maua yake ni mazuri kiasi gani. Bakteria hubaki udongoni kwa miaka, kwa hiyo mahali hapo panda mahindi, ambayo hayapati nundu hii, usirudishe waridi. Mkasi wa kupogolea ufute kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Ukibaki na shaka, mpelekee afisa ugani wa kata mmea mzima, si jani moja lililonyauka mfukoni. Na kabla ya kulipia mche, omba uchomolewe kwenye kiriba uone shingo yake. Nanyi wenye vitalu, mche wenye nundu msiuuze kwa bei ya chini ili tu uondoke. Uchomeni, kwa sababu anayeununua anapeleka maradhi kwenye udongo wa nyumbani kwake.