Biskuti za Kupamba na Haki za Wenye Picha



SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Mikumi, wilaya ya Kilosa. Natengeneza nyumbani biskuti za kupamba kwa sukari ya rangi. Nawauzia wasafiri wa mabasi na wageni wa hifadhi, na oda nyingine napeleka Kilosa mjini. Wateja wananiletea kwenye simu picha za katuni na nembo za timu, wanataka nichore vile vile. Nikikataa wanakwenda kwa mwengine, na ada za skuli za watoto zinatoka humu humu. Je, nina makosa? Na mimi pia kuna mtu ameiga michoro yangu na jina la biashara yangu. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tunamshukuru dada yetu kwa kuuliza kabla ya kuendelea. Swali lake si la Mikumi pekee. Huku visiwani nako, ikikaribia Idi au watoto wakimaliza chekechea, oda kama hizi huwa nyingi majumbani. Kwa hivyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo.

Je, picha ni mali?

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah Ametukataza kuliana mali kwa njia ya batili, Akaruhusu biashara ya kuridhiana. Hapa baadhi ya watu husema kwamba mtu akiiba gunia la unga, mwenyewe hubaki bila unga, lakini mtu akiiga picha, mwenye picha bado anayo, basi amepungukiwa nini?

Wanavyuoni wamelijadili jambo hili. Wapo waliosema haki ya mtunzi si mali ya kuuzwa, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, alikwenda na rai nyengine, akaihesabu kuwa ni haki yenye thamani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Rai hii ndiyo iliyo karibu na madhehebu yetu ya Shafi, ambayo huihesabu manfaa ya kitu kuwa ni mali. Mchoraji hula kwa mchoro wake kama mkulima anavyokula kwa shamba lake.

Wala hili si geni kwa watu wa pwani. Kina mama wanaijua kanga yenye maandishi "Mali ya Abdulla", alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887. Mtu akichapisha kanga yake mwenyewe na kuitia maandishi hayo, sote tutasema amemdhulumu mwenye alama na amemghuri mnunuzi.

Juu ya hayo ipo sheria. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar inayo sheria yake namba 14 ya mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA. Tanzania pia imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hivyo kazi ya msanii wa nje nayo inalindwa hapa. Na kanuni ya fiqhi inasema kuwa mtawala akiamua katika jambo la khitilafu lisilokuwa na maasi, hukumu yake huondoa khitilafu kwa wanaoamiliana.

Yaliyo wazi kwa kila mtu

Dada yetu asiingiwe na wasiwasi kwa kila kitu. Mapishi hayana mwenyewe. Vipimo vya unga, samli, sukari na iliki, na namna ya kuoka vileja tuliyoirithi kwa mabibi zetu, ni elimu ambayo kila mtu anaweza kuitumia. Isipokuwa kama mtu aliajiriwa jikoni kwa mwenziwe akaambiwa siri ya mapishi kwa sharti la kuitunza. Hapo ni amana. Maumbo kama nyota, mwezi, ua na moyo ni ya watu wote. Rangi nazo ni hivyo hivyo: biskuti nyekundu na nyeupe, au kijani na njano, haina ubaya, hata kama mpenzi wa Simba au wa Yanga ataifurahia.

Yenye wenyewe

Katuni iliyobuniwa na mtu au kampuni ina mwenyewe. Tusidhani wenyewe wako Marekani tu. "Akili and Me", wanayoiangalia watoto wetu kwa Kiswahili, hutengenezwa na Ubongo, taasisi iliyoko Dar es Salaam. Kuchora wahusika wao kwenye biskuti na kuziuza kunahitaji idhini yao. Mwenye kazi akinyamaza asipojibu, kunyamaza kwake si ruhusa. Na udhuru wa kuwa mteja ndiye aliyeleta picha hausaidii, kwa sababu mteja naye hana alichokimiliki cha kukupa. Mama anayewapikia wanawe nyumbani bila ya kuuza, jambo lake ni jepesi zaidi, kwani hakuna soko la mtu aliloligusa.

Nembo za timu na za makampuni ni nzito zaidi, kwa sababu mnunuzi anaweza kudhani bidhaa imetoka kwa wenyewe. Hapo linaingia ghushi. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni na kukuta maji chini, alimkemea muuzaji kwa kuficha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Mlango huo huo unamhusu anayebandika kwenye mfuko alama ya TBS au alama ya halali ambayo hakupewa.

Wageni wa hifadhi hupenda picha za tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na sheria ya Bara humlinda msanii uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Muda huo umeshapita kwa kazi zake mwenyewe. Mtindo wake nao hauna wa kuumiliki. Lakini mchoro wa mchoraji aliye hai leo ni wake, hata kama amefuata mtindo huo. Usiupige picha dukani ukaunakili.

Wengine husema kuwa wenye katuni hizi si Waislamu. Huo si udhuru. Al-Mughira bin Shu'ba aliposilimu akiwa na mali aliyoichukua kwa khiyana kwa wenzake waliokuwa washirikina, Mtume aliukubali Uislamu wake na akajitenga na ile mali. Imo katika Sahihi Bukhari.

Picha za vyenye roho

Huu ni mlango mwengine, na idhini ya mwenye picha haiufungui. Imam Nawawi ameeleza kuwa kuchora chenye roho kumekatazwa, popote kichorwe. Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji aliyemwendea kulalamikia riziki yake achore miti na visivyo na roho. Tunamnasihi dada yetu kwa nasaha hiyo hiyo, na Allah Amempa wepesi: Mikumi imepata jina lake kutokana na mti wa mkumi. Achore mkumi, milima, maua ya kanga za kwao na nakshi za milango ya Unguja. Mgeni atabeba kitu cha mahali alipofika, na mchoro utakuwa wa dada yetu mwenyewe.

Pesa zilizokwisha kupatikana

Biskuti zenyewe ni halali kuliwa, kwani unga, samli na kazi vilikuwa vyake. Kasoro iko katika kile kilichoongezwa na picha. Aache, ajute, na aazimie kutorejea. Mwenye haki akiweza kupatikana, amtake radhi. Asipopatikana, akadirie kile alichozidisha kwenye bei kwa sababu ya picha, akitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Haki ya Allah husamehewa kwa toba, lakini haki ya mja hungoja mja mwenyewe asamehe.

Aliyeigwa naye

Sheria inayomzuia ndiyo inayomlinda. Mchoro wake una haki tangu alipouchora, hata bila ya kuusajili, lakini ushahidi ni muhimu: aweke michoro na picha zenye tarehe. Jina la biashara na alama asajili BRELA, kwa kuwa yuko Bara. Akitaka kuuza Unguja na Pemba, ajue kuwa alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar mpaka isajiliwe kwetu, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Kabla ya kufika kwenye ofisi, amwendee yule ndugu wa Kilosa kwa maneno mazuri, akiwa na mtu mzima wanayemheshimu wote wawili. Asimtangaze kwenye makundi ya simu, asije akageuka mdai wa haki kuwa mdaiwa wa heshima ya mtu.

Na mteja akiondoka kwa sababu umekataa kumchorea cha mwenyewe, mwoneshe ulicho nacho, kisha mwache aende kwa salama. Riziki ya watoto haikuandikwa kwenye picha ya mtu mwengine.

Wallahu aalam.