Kijerumani Chuoni: Fahamu Unachosomea Kabla ya Kulipa Karo

Mtoto akisomea Kijerumani chuo kikuu, je, atapata kazi Ujerumani? Wazazi wa Gatitu na kwingineko Nyeri wanauliza swali hili hasa wakati wa kuchagua kozi. Jibu fupi ni kwamba digrii hiyo ina faida zake, lakini haimpeleki mtu Ujerumani moja kwa moja. Na kwa kazi nyingi za huko, si digrii ya lugha inayohitajika.

Hamu ya Kijerumani iliongezeka baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024. Mkataba huo unafungua njia halali kwa wafanyakazi wenye ujuzi. Hata hivyo, hautaji idadi ya nafasi wala haumhakikishii mtu yeyote kazi. Kwa hivyo, kabla ya kuuza ng'ombe au kutumia malipo ya kahawa, familia inafaa ielewe tofauti kati ya digrii na cheti cha lugha.

Digrii ya Kijerumani

Kijerumani kimefundishwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa kawaida digrii huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma lugha yenyewe, isimu, fasihi na tafsiri. Anaweza kuwa mwalimu, mfasiri, mkalimani au mwelekezi wa watalii, kazi inayofaa kaunti kama yetu iliyo kati ya Mlima Kenya na Aberdare.

Anayelenga ualimu awe makini. Ili kusajiliwa na TSC, mwalimu wa sekondari huhitaji alama ya C+ kwa jumla katika KCSE, na C+ katika masomo mawili anayofundisha. Kijerumani ni somo la KCSE, lakini shule nyingi hazikifundishi. Ambaye hakukifanya aulize chuo na TSC kabla ya kuchagua kozi.

Cheti cha lugha

Cheti huonyesha kiwango chako tu. Viwango ni sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mitihani hufanywa katika vituo vinavyotambuliwa, kama vile Goethe-Institut jijini Nairobi. Muuguzi anayetaka kufanya kazi Ujerumani huhitaji kwanza taaluma yake ya uuguzi, kisha lugha, kwa kawaida kiwango cha B1 hadi B2. Kufikia B2 huchukua takriban vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Anayekuahidi kiwango hicho kwa wiki chache anakudanganya.

Kusomea Ujerumani kwenyewe

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini humo havitozi karo, lakini maisha yana gharama. Mwombaji wa viza ya masomo huonyesha kuwa ana pesa za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya Sh1.5 milioni. Aidha, aliye na KCSE pekee kwa kawaida hupitia kwanza masomo ya maandalizi, na kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani huhitaji takriban kiwango cha C1.

Kabla ya kulipa

- Mwulize mwanao anataka kuwa nani: mwalimu, muuguzi, fundi au mfasiri. Taaluma kwanza, lugha baadaye.
- Thibitisha kozi ya chuo kikuu kupitia tovuti ya KUCCPS.
- Hakikisha wakala wa ajira amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).
- Dai risiti na mkataba ulioandikwa. Usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Elimu ya chuo kikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti husimamia shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hivyo, yeyote anayedai kuuza nafasi ya masomo au kazi ya Ujerumani kwa niaba ya kaunti ni tapeli. Mripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.