Moto wa kuni na umeme uliojificha ndani yake

Ukipita vijiji vya Kitale au Bungoma alfajiri utaona moshi ukipenya kwenye mapaa ya majikoni. Huko, kama kwetu Kwale na Kilifi, wengi bado wanapikia kuni juu ya mafiga matatu, na joto jingi hupotea bila kuigusa sufuria. Je, joto hilo laweza kugeuzwa umeme bila injini wala mvuke?

Laweza. Mwaka 1821, mjini Berlin, Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Baadaye ikafahamika kuwa ni umeme uliokuwa ukipita. Elektroni za upande wa moto huchangamka zikasambaa kuelekea upande wa baridi. Kwa hivyo joto peke yake halitoshi. Lazima upande mmoja uwe moto na wa pili ubaki baridi.

Hapo ndipo watafiti wanapoumiza vichwa. Wanataka kitu kinachopitisha umeme vyema lakini kinazuia joto kama kigae, na vitu vingi vinavyopitisha umeme hupitisha na joto pia. Pande zote mbili zikishapata moto, umeme umekwisha. Bismathi teluraidi, inayotumika sana, hugeuza takriban asilimia 5 tu ya joto kuwa umeme, na teluriamu yenyewe ni adimu. Siku hizi wanajaribu kuipanga maada kwa chembe ndogo mno, ili joto likwame na elektroni zipite.

Kwenye kiwanda cha sukari, kama Nzoia huko Bungoma, sioni vibati hivi vikishindana na mvuke. Makapi ya miwa yakichomwa, mvuke wake huzungusha turbini na kutoa umeme mwingi zaidi. Faida ya kibati ni pale turbini haiwezi kufika: vyombo vya anga Voyager, vilivyorushwa 1977, vinaendeshwa hivyo kwa joto la plutoniamu.

Na jikoni. Kampuni ya BioLite imeuza hapa Kenya jiko la kuni lenye kibati cha namna hiyo. Moto hutoa wati chache, zinazozungusha feni ndogo na kuchaji simu.

Watu husifu simu. Mimi naona feni ndiyo mali. Simu yaweza kuchajiwa kwa paneli ndogo ya jua, lakini moshi haupunguzwi na jua. Feni ikipuliza hewa ndani, moto huuchoma moshi kabla haujatoka, na kuni huenda kidogo. Mama anayepika ugali na mtoto mgongoni ndiye anayeuvuta moshi huo kila siku. Kwa hivyo muuzaji akija na jiko la namna hii, asikuonyeshe simu kwanza. Mwambie awashe moto, utazame moshi.