Kadi ya Sitini na Moja Haina Kazi

Wachezaji wanaoanza kujiundia mafungu ya kadi katika mchezo wa Magic: The Gathering huuliza swali moja kwa maneno yaleyale, nalo ni kwamba fungu lenye kadi 64, zote nzuri, liongezwe ardhi ngapi ili likae sawa. Swali hilo limekosewa kuanzia mzizi wake, kwa sababu linachukulia kwamba kilichopungua ni ardhi, ilhali kilichozidi ni kadi. Na anayelijibu kwa kutaja idadi ya ardhi, hata hesabu yake ikiwa sahihi, amemsaidia muulizaji kuendelea na kosa. Jibu linalostahili ni fupi mno: kadi nne zitoke. Kwa kuwa jibu hilo hupokewa kwa manung'uniko, na kwa kuwa imani inayolipinga imeota mizizi hata kwa watu waliocheza miaka mingi, inafaa imani hiyo ifuatwe hatua kwa hatua hadi mahali inapokwama.

Kanuni za mashindano ya kawaida hutaka fungu lisipungue kadi 60, na kadi yenye jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi, yaani zile kadi zinazozaa mana, ambayo ni nguvu ya kulipia kadi nyingine zote. Kanuni hiyo inaweka kikomo cha chini, na kwa upande wa juu haiweki kikomo chochote cha idadi, mradi mwenye fungu aweze kulichanga mwenyewe bila msaada na bila kupoteza muda. Richard Garfield alipoubuni mchezo huu, uliotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, kanuni za kwanza ziliruhusu fungu la kadi 40 tu na hazikuweka ukomo wa nakala. Ni kanuni za mashindano zilizofuata ndizo zilizopandisha kiwango hadi 60 na kuzuia nakala ya tano. Watunga kanuni hawakupata kuhitaji kumzuia mtu asije na fungu kubwa, bali walihitaji kumzuia asije na dogo, kwa sababu fungu dogo ndilo lenye nguvu, na kila mshindani mwenye akili angelikimbilia kama lingeruhusiwa. Anayepita 60 kwa hiari yake anajitoza adhabu ambayo hakuna mwamuzi aliyemwandikia.

Watetezi wa mafungu makubwa huanza kwa kusema kwamba kadi nyingi ni njia nyingi za kushinda. Hoja hiyo ingekuwa na maana kama mchezaji angeruhusiwa kulifunua fungu zima na kuchagua anachotaka, lakini mchezo huanza na kadi 7 mkononi, kisha kila zamu huongeza kadi moja, na yule anayeanza haokoti kadi katika zamu yake ya kwanza. Maana yake ni kwamba anayeanza, akifika zamu ya saba, ambapo michezo mingi ya mashindano imekwisha au imekwishaamuliwa, ameona kadi 13 peke yake, na kadi 47 zimebaki rundoni bila kuguswa. Njia za kushinda zilizomo katika hizo 47 hazikumsaidia kitu. Kinachomsaidia ni ubora wa hizo 13, na ubora huo hushuka kila inapoingizwa kadi ya daraja la pili, kama vile maziwa yanavyokosa ladha kwa kuongezwa maji ingawa chombo kinaonekana kimejaa.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Tuseme fungu lina nakala 4 za Lightning Bolt, kadi nyekundu inayolipiwa mana moja na kumwondolea mpinzani pointi 3 kati ya zile 20 za uhai anazoanza nazo, na tuseme kadi hiyo ndiyo bora kuliko zote zilizomo. Katika fungu la kadi 60, uwezekano wa kuikuta angalau nakala moja katika kadi 7 za mwanzo ni asilimia 39.9, katika kadi 64 unashuka hadi 37.8, katika 70 unakuwa 35.0, na katika 80 unabaki 31.2. Anayeanza, akifika zamu ya nne akiwa ameona kadi 10, atakuwa amekutana na kadi yake bora kwa asilimia 52.8 ikiwa fungu ni la 60, na kwa asilimia 46.8 ikiwa ni la 70, na kwa hiyo kadi iliyokuwa ya kutarajiwa zaidi ya nusu ya michezo yote imekuwa ya kubahatisha. Kushuka huko hakuigusi kadi hiyo peke yake, kwa maana kila kadi yenye nakala 4 imepungua kwa kiasi hichohicho, na mpango wowote unaohitaji kadi mbili zikutane umeumia zaidi.

Wapo wanaokubali hayo kuhusu kadi 70 lakini wakaitetea kadi ya 61, wakisema kwamba moja haidhuru. Tofauti kweli ni ndogo, kwani asilimia 39.9 inakuwa 39.4, na hakuna mtaalamu mwaminifu atakayedai kwamba mtu ameshindwa mashindano kwa sababu ya nusu ya asilimia. Kinachopaswa kuulizwa ni hasara hiyo, ingawa ndogo, imenunua nini, na hapo watetezi hunyamaza. Kadi zote 61 zikipangwa kwa ubora, itakuwapo ya mwisho. Ikiwa kadi inayoongezwa ni bora kuliko ile ya mwisho katika 60 za awali, basi ile ya mwisho itoke. Ikiwa ni dhaifu kuliko hiyo, isiingie. Na ikiwa zinalingana kabisa, yoyote kati ya hizo mbili itoke, kwa sababu hakuna kitakachopotea. Hakuna hali ya nne. Anayesema kwamba hawezi kuchagua hajatoa hoja ya kuitetea kadi ya 61, bali amekiri kwamba ameiacha kazi ya kuliunda fungu kabla ya kuimaliza. Naye atalipia uvivu huo mara nyingi kuliko anavyodhani, kwani hadi zamu ya saba kadi yoyote moja iliyomo katika 61 huonekana katika takriban mchezo mmoja kati ya kila mitano, na kila inapoonekana huwa imekalia nafasi ya kadi ambayo mwenyewe anaiamini zaidi.

Hoja ya uwiano wa ardhi hupendwa na wale wanaojiona wamepiga hatua, na kwa sababu imevaa joho la hisabati inastahili jibu la hisabati. Husemwa kwamba ardhi 24 katika kadi 60 ni asilimia 40, ambayo ni chache mno kwa fungu fulani, na kwamba 25 katika 60 ni asilimia 41.7, ambayo imezidi, kwa hiyo 25 katika 61, yaani asilimia 41.0, ndiyo dawa. Wastani wa ardhi katika kadi 7 za mwanzo ni 2.80 kwa chaguo la kwanza, 2.92 kwa la pili na 2.87 kwa hilo linaloitwa dawa. Tofauti kati ya dawa na ardhi 25 katika 60 ni ardhi moja katika takriban mikono 21 ya kuanzia, tofauti ambayo hakuna mchezaji anayeweza kuihisi mezani, na ambayo humezwa mara moja na mtu kubadilisha kadi moja ya bei ya mana tano kwa kadi ya bei ya mana mbili. Isitoshe, tangu toleo la Zendikar Rising la mwaka 2020 zipo kadi nyingi za nyuso mbili, ambazo uso mmoja ni uchawi na wa pili ni ardhi, na mwenye kadi huchagua uso wa kuutumia. Anayetaka ardhi ishirini na nne na nusu amekwisha kutengenezewa kifaa chake, naye hana udhuru wa kuvuka 60.

Ubaya mkubwa zaidi wa mafungu yaliyofura hujificha hapo kwenye ardhi. Fungu la kadi 60 lenye ardhi 24 humpa anayeanza ardhi 3 au zaidi kufikia zamu ya tatu kwa asilimia 79. Likiongezwa kadi nne nzuri zisizo ardhi, asilimia hiyo inashuka hadi 74. Na yule anayeogopa lawama akarudi kwenye 60 kwa kutoa ardhi nne badala ya kadi nne, akabaki na ardhi 20 huku bei za kadi zake ni zilezile, ameishusha hadi 64. Wengi hufanya hivyo, kisha wakalaumu bahati. Wengine hutafuta tiba ya bahati hiyo kwa kuzipanga ardhi moja baada ya kila kadi mbili kabla ya kuchanga, desturi ambayo haina njia ya kuhalalika: Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 huhitaji kuchanganywa kwa kuingiliana nusu kwa nusu mara 7 hivi ili mpangilio wa awali upotee, kwa hiyo aliyechanga vya kutosha amepoteza muda wake kupanga, na ambaye mpangilio wake umesalia amemdhulumu mpinzani.

Mafungu makubwa yanayotajwa kama ushahidi wa kinyume yanathibitisha jambo lilelile. Kadi ya Battle of Wits humpa ushindi mwenye rundo la kadi 200 au zaidi, na Yorion, kadi ya mwaka 2020, humruhusu mchezaji aliyeongeza kadi 20 juu ya kiwango cha chini kuianza michezo yote akiwa nayo pembeni kama kadi ya nane ya uhakika, faida kubwa kiasi kwamba mwaka 2022 ilipigwa marufuku katika mashindano ya mfumo wa Modern. Katika hali hizo ukubwa ni bei, na kilicholipiwa kinaonekana wazi. Kadi ya 61 hulipiwa bure. Michezo mingine imelimaliza suala hili kwa kanuni: Pokémon hutaka kadi 60 kamili, wala si 61, na mfumo wa Commander wa Magic hutaka 100 kamili; Yu-Gi-Oh! huruhusu kuanzia 40 hadi 60, na huko nako hesabu ni ileile, kwamba anayepita 40 sharti awe na sababu anayoweza kuitamka.

Kupunguza kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Ardhi zihesabiwe kwanza na zisiguswe tena: 20 hadi 22 kwa fungu la haraka lenye kadi za bei ya mana moja hadi tatu, 24 kwa la wastani, 26 kwa linalosubiri kadi za bei ya tano na sita, na 17 kwa fungu la kadi 40 la mashindano ya kufungua pakiti. Kisha iandikwe sentensi moja inayosema fungu linashindaje, na kila kadi isiyoitumikia sentensi hiyo itengwe. Zilizobaki zitandazwe mezani kwa safu kulingana na bei, kwa sababu safu za bei kubwa ndizo hufura bila kuonekana. Mwaka 1996 Paul Sligh alifanya vizuri huko Atlanta kwa orodha aliyoiunda Jay Schneider, yenye kadi ambazo wengi walizidharau, kwa kuwa zilikuwa zimepangwa ili mana itumike yote katika kila zamu. Zitoke pia kadi zinazofaa pale tu mchezaji anapokuwa ameshaongoza, na kadi ambazo bila mwenzake mmoja maalumu hazina kazi. Nakala ziwe 4 kwa kadi inayotakiwa katika kila mchezo, 3 kwa ile inayotosha moja, 2 kwa ile ya gharama kubwa. Kadi inayomfaa mpinzani wa aina moja tu iende katika zile 15 za akiba, ambazo huingizwa kati ya mchezo mmoja na mwingine. Baada ya hapo lichezwe, na kila kadi iliyokwama mkononi iandikwe jina, kisha zibadilishwe moja au mbili kwa mara moja, kwani anayebadilisha kumi hawezi kujua ni ipi iliyoleta nafuu.

Msomaji mwenye kadi 64 mezani azitoe nne kabla ya mchezo wake unaofuata, na asianze na ardhi.