Kabla ya Kuilaumu Valvu

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya RCA ya Marekani ilitengeneza mashine ya kupokelea simu za upepo iliyoitwa AR88. Ilikuwa na valvu 14 na uzito unaozidi kilo 40, na Waingereza waliitumia katika vituo vyao vya kunasa mawasiliano ya adui. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kama masalio ya jeshi, na wapenzi wa redio za ridhaa wakazinunua. Hata leo wako wanaozitunza, nasi tu miongoni mwao.

Mwenye kuipata mashine ya namna hii hushikwa na hamu ya kuiwasha papo hapo. Twamsihi asithubutu. Kwanza na atazame transfoma yake imefungwa kwa volti ngapi, kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 240 na mashine ya Kimarekani yaweza kuwa ingali kwenye 117. Kisha na aiwashe kupitia balbu ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ya kale yenye uzi ndani, si hizi za kisasa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote na kubaki hivyo, ndani mna shoti, na transfoma imeokoka. Azimapo mashine asiamini kwamba mauti yameondoka nayo: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na hapana budi kuumwaga kwa rezista kabla ya kutia mkono.

Mashine yetu ilipita majaribio hayo yote. Ilisema vizuri kwa muda wa dakika kumi hivi, halafu sauti ikaanza kukwaruza na kuzibana kama ya mtu anenaye ndani ya mtungi. Valvu ya mwisho, ile 6K6 inayoendesha spika, ilikuwa ya moto kupita kiasi. Tukahukumu kwamba imechoka, tukatia mpya iliyotugharimu subira ya miezi miwili. Dakika kumi baadaye nayo ikaanza kuchemka.

Hapo ndipo tulipokumbuka kutumia mita badala ya kubahatisha. Gridi ya valvu hiyo hutakiwa kuwa na volti hasi, nazo ndizo zinazoizuia isivute umeme kwa pupa. Mita yetu ilionyesha volti 4 chanya. Umeme huo ulitoka wapi? Kulikuwa na washukiwa wawili tu: ama valvu yenyewe, ama kapasita ndogo ya karatasi inayopitisha sauti kutoka valvu iliyotangulia. Kuwatenganisha ni rahisi. Tulizima mashine, tukaichomoa valvu, tukawasha tena na kupima palepale kwenye tundu la gridi. Volti chanya zilikuwapo bado. Valvu ilikuwa mezani, haina hatia.

Jambo lililotusumbua ni kwamba kapasita hiyo tulikwisha kuipima siku ya kwanza kwa kipimo cha omu, ikaonekana nzima kabisa. Lakini kipimo hicho hutumia betri ya volti chache, ilhali kapasita kazini hubeba volti mia na zaidi. Karatasi na nta ya miaka themanini hustahimili volti 3 bila kunung'unika. Ikitwishwa mzigo wake halisi na kupata joto, huvuja. Kwa hiyo kapasita ya kale yafaa ipimwe ikiwa imetwishwa volti zake, na kwa mita ya upinzani mkubwa, kwani mita hafifu huzinywa volti za gridi kabla sindano haijainuka.

Tuliikata, tukalehemu nyingine ya plastiki yenye uwezo wa volti 630, na gridi ikarudi kuwa hasi. Valvu ya zamani tuliyoidhania mfu tuliirudisha mahali pake, na ingali ikifanya kazi. Ile mpya imewekwa akiba.

Jambo jingine, nalo hutuudhi: kuna mafundi ambao sauti ikififia tu hushika bisibisi na kuzungusha skrubu za transfoma za masafa ya kati, ambazo kiwanda kilizipatanisha katika kilohezi 455. Huko ni kusogeza kilengeo cha bunduki kwa sababu mtutu una uchafu. Aghalabu kasoro ni rezista ya kaboni iliyopanda omu zake, au migusano ya swichi iliyoingia kutu.

Juzi usiku tulizisikia mashine za Morse kwenye megahezi 7, safi. Ila bendi ya chini kabisa bado ina mvumo mdogo, na ndani mngali na vibati vyeusi vya kapasita, kila kimoja kikibeba tatu. Tumeanza na kilicho karibu na swichi.