Soko Jipya, Udongo wa Zamani

Samaki ni chakula chema. Hujenga mwili wa mtoto, humfaa mama mjamzito na mzee pia. Lakini samaki huharibika upesi kuliko nyama. Kwa sababu hiyo mahali anapouzwa ni jambo la afya na si la biashara peke yake.

Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, katika jiji la Tokyo, nchini Japani. Huko soko kuu la samaki la Tsukiji, lililokuwa ukingoni mwa maji kwa miaka 83, lilifungwa tarehe 6 Oktoba 2018. Siku 5 baadaye soko jipya likafunguliwa mahali paitwapo Toyosu, mwendo wa kilometa 2 hivi kutoka lile la zamani. Kuhama huko kuliwagawa watu kwa miaka mingi. Baadhi walisema soko la zamani ni hatari kwa afya. Wengine walisema soko jipya ndilo la hatari. Je, nani alikuwa na haki? Tutazame mambo yalivyokuwa, kwa maana yapo ya kujifunza hata kwa mama anayenunua fungu la vibua.

SOKO LA ZAMANI

Kabla ya Tsukiji, samaki wa Tokyo waliuzwa kwa karne tatu mahali paitwapo Nihonbashi. Tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 na moto uliofuata viliangamiza soko hilo. Serikali ikajenga jipya Tsukiji, kando ya mto Sumida, nalo likafunguliwa mwaka 1935. Jengo lake lilipinda kama upinde, kwa sababu treni za mizigo ziliingia hadi ndani kwa reli iliyopinda.

Likawa soko kubwa la samaki kuliko yote duniani. Kila alfajiri, watu wengine wakiwa bado usingizini, jodari walilazwa sakafuni kwa safu, wanunuzi wakawachungulia kwa tochi, na mnada ukaanza. Aina zaidi ya 400 za viumbe vya majini ziliuzwa hapo.

Soko hilo lilikuwa pia mlango wa afya ya jiji. Mwezi Machi 1954, baada ya Marekani kulipua bomu la haidrojeni huko Bikini katika bahari ya Pasifiki, meli moja ya uvuvi ya Kijapani iliangukiwa na majivu yenye mionzi. Baadhi ya samaki wake walifika Tsukiji. Wakaguzi waliwapima, wakakuta mionzi, nao samaki wakazikwa palepale sokoni wasije wakaliwa. Hatari hiyo haikuonekana kwa macho wala haikuwa na harufu. Iligunduliwa kwa kuwa alikuwapo mtu wa kupima.

KWA NINI LIHAMISHWE?

Miaka ilipopita, Tsukiji ilichakaa. Sehemu kubwa ilikuwa wazi, bila kuta za kuzuia joto, vumbi, ndege na panya. Majira ya joto Tokyo hupita nyuzi 30 za sentigredi, na barafu huyeyuka upesi. Vigari vya mizigo vilipishana na mikokoteni na wageni waliokuja kutazama mnada, na moshi wake ulienea penye chakula. Juu ya hayo, majengo yalikuwa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi huweza kuleta saratani ya mapafu.

Mwaka 2001 jiji liliamua kuhamia Toyosu. Jengo jipya lingekuwa limefungwa pande zote, hewa yake ikipozwa mwaka mzima, samaki apitie kwenye ubaridi tangu ashushwe garini hadi auzwe. Wageni wangetazama mnada kutoka nyuma ya vioo. Kwa upande wa usafi, hoja hiyo ilikuwa nzito.

SUMU CHINI YA SAKAFU

Lakini uwanja wa Toyosu ulikuwa na historia yake. Zamani palikuwa na kiwanda cha kutengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe. Kazi hiyo iliacha sumu ardhini, zikiwemo benzini, sianidi na aseniki. Mwaka 2008 sehemu moja ya udongo ilikutwa na benzini mara 43,000 ya kiwango kinachokubaliwa. Benzini huharibu mahali damu inapotengenezwa mwilini, na huweza kuleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta kwa muda mrefu.

Jiji liliahidi kuusafisha uwanja: kuondoa udongo mchafu na kuweka tabaka la udongo safi, mita 4.5 kwenda chini. Kazi ikafanyika kwa gharama kubwa, majengo yakasimama, na siku ya kuhama ikapangwa iwe 7 Novemba 2016. Ndipo Agosti mwaka huo gavana mpya, Bibi Yuriko Koike, akaahirisha. Muda si mrefu yakafichuka mambo ya kushangaza. Chini ya majengo makuu ule udongo safi haukuwekwa. Palikuwa na vyumba vitupu vya zege, na maji yametuama humo. Wananchi hawakuwa wameambiwa. Mwezi Januari 2017 maji ya chini ya ardhi yalipopimwa tena, benzini ilifika mara 79 ya kiwango.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Kiwango kilichotumika kupima ni kile cha maji ya kunywa, na hakuna aliyetarajia kunywa maji yale wala kuoshea samaki. Wataalamu walieleza kwamba zege na lami vinatenga udongo na watu wa juu. Hata hivyo waliagiza kazi zaidi: kumwaga zege katika vyumba vya chini, kuweka mitambo ya kupitisha hewa, na kuimarisha pampu za kupunguza maji. Kazi hizo zilipokamilika, Julai 2018, gavana alitangaza kwamba soko ni salama.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na sababu. Soko la zamani lilikuwa limechakaa kweli, na udongo wa soko jipya ulikuwa na sumu kweli. Kilichowaumiza watu zaidi ni kuambiwa jambo limefanyika, kumbe halikufanyika. Mlaji hawezi kuchimba chini ya sakafu akajionee. Anakula kwa kuamini, na imani ya namna hiyo ikivunjwa, zege halitoshi kuiziba.

WALIOBEBA MZIGO

Tusiwasahau wachuuzi. Vibanda vingi vya Tsukiji vilikuwa vya familia, baba akimrithisha mwana. Wakati wa kuahirishwa, wengine walikuwa wamekwisha kununua majokofu na vifaa vya mahali papya. Walilipia soko wasilolitumia huku wakiendelea kuuza katika lile la zamani. Wazee kadhaa waliona heri kufunga biashara kuliko kuanza upya. Akina mama wenye vibanda waliunda kikundi chao kudai wasikilizwe. Wasiwasi wa riziki nao ni ugonjwa. Humnyima mtu usingizi na kumpandisha shinikizo la damu.

Leo jengo la Tsukiji limekwisha kubomolewa, ingawa maduka na vilabu vya chakula vya nje ya soko lile vimebaki. Mwaka 2021 uwanja huo ulitumika kwa muda kutolea chanjo ya korona.

NA SISI JE?

Japani haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam, lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani na kuanza kazi mwaka 2002. Kupata paa, sakafu ya zege na meza za kuuzia ni hatua njema. Lakini paa halimpozi samaki. Kinachompoza ni barafu, na kinachomsafisha ni maji safi. Kama ilivyokuwa kule Tokyo, hatari kubwa huwa pale macho yasipofika.

Mfano mmoja ni huu. Jodari, vibua, dagaa na jamii zao wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza katika nyama yao sumu iitwayo histamini. Samaki huyo huweza kuonekana mzima na asinuke. Kumpika hakuiondoi sumu hiyo, wala kumkaanga, wala kumgandisha. Mlaji huhisi uso kuwaka moto, kichwa kuuma, mwili kuwasha, moyo kwenda mbio, pengine kutapika na kuhara, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Wengi hupona ndani ya siku moja, lakini mwenye pumu au anayeshindwa kupumua vizuri apelekwe hospitali mara moja.

Basi tunashauri hivi:

1. Samaki awe kitu cha mwisho kununua sokoni, na mwende naye nyumbani moja kwa moja.

2. Tazama macho: yawe maangavu na yamejaa. Mashavu yawe mekundu ndani. Nyama ukiibonyeza irudi. Harufu iwe ya bahari, si ya kuchachuka.

3. Mwulize muuzaji amevuliwa lini, na kama alikaa kwenye barafu. Muuzaji mwema hakasiriki kwa swali hilo.

4. Barafu iwe ya maji safi, na iwe ya kutosha. Katika nchi za joto kilo moja ya samaki huhitaji kama kilo moja ya barafu.

5. Samaki mbichi asikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja. Asiye na jokofu ampare, amwoshe na kumpika mara afikapo.

6. Nawa mikono kwa sabuni, na kisu cha samaki mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa.

Pale mnapoishi pakitangazwa soko jipya, msiulize tu litafunguliwa lini. Ulizeni uwanja huo ulikuwa na nini zamani, maji yatatoka wapi, barafu itatengenezwa wapi, maji machafu yatakwenda wapi, na nani atapima na kuwaeleza wananchi majibu. Wakazi wa Tokyo waliuliza maswali hayo, na kwa kuuliza kwao soko lao lilifanyiwa kazi ambayo isingefanyika.