Sinema kongwe za Poland: Mnunuzi huhesabu dakika kabla ya kulipa

KASHA la DVD halisemi mengi. Mbele pana picha ya mwigizaji, nyuma pana muhtasari wa hadithi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo zinazomlazimu msomaji kusogea karibu na taa, pameandikwa idadi ya dakika. Mnunuzi wa kawaida hana haja na mstari huo. Lakini kwa watu wanaokusanya sinema za kale za Poland, hususan walio Uingereza, Marekani na kwingineko nje ya nchi hiyo, huo ndio mstari wa kwanza kusomwa.

Sababu ni kwamba filamu moja ya Poland huenda ikawa imetolewa mara kadhaa katika mataifa tofauti, na kila toleo likawa na urefu wake. Anayelipia jina bila kuchunguza nakala anaweza kuletewa nyumbani theluthi mbili tu za kazi aliyoitaka.

Mfano mzuri ni Rękopis znaleziony w Saragossie, yaani Mswada Uliopatikana Saragossa, filamu ya mwaka wa 1965 iliyoongozwa na Wojciech Has. Hii ni hadithi ndani ya hadithi, mtindo ambao msomaji wa Alfu Lela Ulela ataufahamu bila kufundishwa. Afisa wa jeshi anasafiri katika milima ya Uhispania, anakutana na msimulizi, msimulizi anamtaja mtu ambaye naye ana kisa chake, na ndani ya kisa hicho yupo mwingine anayefungua kinywa. Nakala kamili ina dakika 182. Iliyoonyeshwa Marekani ilikatwa ikabaki dakika 147, na ile ya Uingereza dakika 125.

Kupunguza hadithi ya namna hiyo si sawa na kupunguza mandhari ya vita au safari. Ukimwondoa msimulizi wa tatu, wa nne hukosa mtu wa kumtambulisha. Anayetazama nakala fupi huiona kazi yote kuwa fumbo tupu na kudhani kwamba ni akili yake iliyopungua, kumbe kilichopungua ni filamu.

Katika miaka ya 1990, mwanamuziki Jerry Garcia wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani, aliyekuwa shabiki mkubwa wa kazi hiyo, alijitolea kugharamia kupatikana kwa nakala kamili. Alifariki mwaka wa 1995 kabla ya shughuli kukamilika. Waongozaji wa filamu Martin Scorsese na Francis Ford Coppola waliiendeleza, na ndipo filamu nzima ikarejea kumbini na hatimaye kuwafikia watazamaji wa nyumbani.

Hata hivyo, hapo pana mtego mwingine. Anayeshika DVD ya Ulaya ya filamu hiyo atasoma takriban dakika 175, na huenda akadhani ameibiwa dakika saba. Hajaibiwa. Filamu za sinema hupigwa kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Ulaya na hata humu nchini Kenya, huonyesha picha 25. Badala ya kubuni picha ambazo hazipo, watengenezaji wa DVD waliiharakisha filamu kidogo, kwa kiasi cha asilimia nne. Tukio halikuondolewa hata moja, ila mwendo ni wa haraka kidogo na sauti za waigizaji huweza kusikika nyembamba kuliko zilivyokuwa. Mfumo wa NTSC wa Marekani hauna kasoro hiyo, nazo diski za Blu-ray kwa kawaida huhifadhi mwendo wa picha 24.

Kwa hivyo mkusanyaji makini huwa na kalamu. Huzichukua dakika za DVD ya Ulaya, akazizidisha kwa 25 na kuzigawanya kwa 24. Jibu likilingana na urefu unaojulikana, hulipa. Likipungua, huuliza ni nani aliyeshika mkasi.

Mikasi iliyoifupisha kazi ya Has ilikuwa ya waagizaji filamu waliohofia kwamba watazamaji wangechoka. Mingine ilikuwa ya serikali. Tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mwaka wa 1989, filamu nchini Poland zilitengenezwa kwa fedha za dola. Wasanii walifanya kazi katika vikundi vilivyoitwa zespoły, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake wa sanaa, na mpango huo uliwapa uhuru ambao wenzao katika mataifa mengi ya kikomunisti hawakuwa nao. Lakini filamu iliyokamilika ilipaswa kupitia mikononi mwa wadhibiti.

Andrzej Wajda aliyajua hayo vyema. Katika Człowiek z marmuru, yaani Mtu wa Marumaru, ya mwaka wa 1977, msichana anayesomea uongozaji wa filamu anamfuatilia mwashi aliyewahi kutukuzwa na chama tawala kisha akasahauliwa. Wadhibiti waliliondoa tukio la karibu na mwisho linalodokeza kwamba mwashi huyo alifia Gdańsk, mji ambao wafanyakazi wake waliandamana na kupigwa risasi mwaka wa 1970. Wajda hakulitupa. Alilitia katika filamu iliyoendeleza hadithi hiyo, Człowiek z żelaza, au Mtu wa Chuma, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1981. Aliye na moja kati ya hizo mbili, kwa kweli, ana nusu ya kitu.

Kisa cha Przesłuchanie, yaani Kuhojiwa, ni kizito zaidi. Ryszard Bugajski aliikamilisha mwaka wa 1982, nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi iliyotangazwa Desemba 13, 1981. Inasimulia masaibu ya mwimbaji wa kike anayekamatwa katika miaka ya utawala wa kimabavu wa Stalin na kuteswa ili atoe ushahidi wa uongo dhidi ya mtu anayemfahamu. Ilipigwa marufuku papo hapo. Hata hivyo, nakala zake zilisambaa kwa siri kwenye kanda za video, zikatazamwa katika nyumba za watu huku mapazia yakiwa yamefungwa. Umma ulikubaliwa kuiona mwaka wa 1989, na mwaka uliofuata Krystyna Janda akatunukiwa huko Cannes kama mwigizaji bora wa kike. Watu wa nchi hiyo, basi, walianza kuweka sinema zao majumbani si kwa starehe bali kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Zipo pia filamu ambazo ni kamili kwa jinsi zilivyo pungufu. Andrzej Munk alifariki katika ajali ya gari Septemba 20, 1961, akiwa na umri wa miaka 39, Pasażerka ikiwa bado haijakamilika. Inamhusu mwanamke aliyekuwa mlinzi katika kambi ya mauaji ya Auschwitz, ambaye miaka mingi baadaye, akiwa melini, anamwona abiria anayefanana na mfungwa wake wa zamani. Matukio ya kambini yalikuwa yamepigwa. Ya melini hayakumridhisha Munk. Wenzake, wakiongozwa na Witold Lesiewicz, hawakuthubutu kujifanya Munk. Walitumia picha mgando za melini na sauti ya msimulizi anayekiri kwamba hajui marehemu alikusudia kumalizia vipi. Kazi hiyo, ya muda wa takriban saa moja, ilionyeshwa mwaka wa 1963. Anayeinunua bila kujua historia hii huenda akadhani kwamba diski imekwama.

Ndivyo ilivyo pia kwa Na srebrnym globie, yaani Kwenye Tufe la Fedha, ya Andrzej Żuławski. Serikali iliisimamisha mwaka wa 1977 ikiwa imebakia sehemu ndogo tu, na ikaamuru mavazi na vifaa viharibiwe. Żuławski aliikamilisha muongo mmoja baadaye kwa kupiga picha barabara na watu wa Poland ya siku hizo, huku sauti yake ikieleza matukio ambayo hayakupata kupigwa. Hakuna toleo refu zaidi la kusakwa, na muuzaji anayedai kuwa nalo ni wa kuepukwa.

Sinema hizi hupatikana wapi? Nchini Uingereza jina linalotajwa kwanza ni Second Run, kampuni ndogo ya London iliyoanza mwaka wa 2005 na kujishughulisha sana na sinema za Ulaya ya kati na mashariki. Miongoni mwa ilizozitoa ni Pasażerka na Matka Joanna od Aniołów, kazi ya Jerzy Kawalerowicz ya mwaka wa 1961 kuhusu watawa wanaosemekana kupagawa na mashetani. Marekani ipo Criterion, iliyotoa kwa pamoja filamu tatu za Wajda kuhusu vita: Pokolenie, Kanał na Popiół i diament. Dekalog ya Krzysztof Kieślowski, vipindi 10 vya televisheni kuhusu wakazi wa mtaa mmoja wa maghorofa jijini Warsaw, iliwafikia Wamarekani kupitia Facets ya Chicago, kisha mwaka wa 2016 ikatolewa upya na Criterion huko Marekani na Arrow huko Uingereza.

Poland kwenyewe DVD nyingi ziliuzwa pamoja na magazeti na majarida katika miaka ya 2000, kwa bei ya chini mno, zikiwa ndani ya kadibodi. Mhariri yeyote angetamani gazeti lake lingenunuliwa kwa pupa kiasi hicho. Ila kwa mgeni, diski hizo ni bahati nasibu: baadhi yake hazina tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na asiyejua Kipolandi hubaki kutazama midomo ikicheza.

Majina nayo huleta utata. Matka Joanna od Aniołów imewahi kuuzwa kwa Kiingereza kama Mother Joan of the Angels na pia kama The Devil and the Nun. Wapo walionunua zote mbili. Ndiyo maana wakusanyaji wazoefu huandika orodha zao kwa majina ya Kipolandi, hata kama hawawezi kuyatamka.

Kisha pana kizuizi kinachomhusu moja kwa moja msomaji wa Nairobi au Mombasa. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda, na DVD ya kanda moja haikubaliki katika deki ya kanda nyingine. Marekani ni kanda ya 1, Ulaya ni ya 2, nayo Kenya iliwekwa katika kanda ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. Deki inayofuata kanuni hiyo haitakubali DVD ya Criterion wala ya Warsaw yenye kizuizi, japo nyingi za bei nafuu huweza kufunguliwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti. DVD za Second Run hazina kizuizi. Katika Blu-ray mambo ni afadhali kidogo, kwani Afrika na Ulaya zimo katika kundi moja, B.

Bado linabaki swali la ubora wa picha. Mwaka wa 2014 Scorsese alizungusha Marekani filamu 21 za Poland zilizosafishwa kwa kompyuta, na aliyezizoea kwenye kanda za zamani alipata mshangao. Popiół i diament, iliyokuwa kijivu juu ya kijivu, ilipata weusi wake wa usiku na weupe wake wa moto. Usafi huo lakini una hatari yake. Fundi akizidisha, chembechembe za filamu hufutwa pamoja na vumbi, na nyuso za watu zikawa kama za sanamu za nta. Toleo jipya si lazima liwe bora, na baadhi ya wakusanyaji huweka la zamani kando ya jipya kwa sababu hiyo.

Siku hizi filamu nyingi za aina hii zinapatikana pia kwenye intaneti, ikiwemo tovuti ya 35mm.online ya studio ya serikali ya Poland. Lakini kinachowekwa mtandaoni huweza kuondolewa, na diski nazo huadimika kampuni inapomaliza muda wa leseni yake. Aliyenunua mapema huwa na kitu ambacho duka halina tena.

Hata hivyo, lipo pengo ambalo hakuna anayeweza kulijaza kwa fedha. Przypadek, yaani Sadfa, ni filamu ya Kieślowski kuhusu kijana anayekimbilia treni na maisha matatu ambayo angeishi kutegemea kama angeiwahi au angeikosa. Ilitengenezwa mwaka wa 1981, ikafungiwa, na ilipotolewa mwaka wa 1987 ilikuwa imekatwa sehemu mbalimbali. Matoleo ya miaka ya karibuni yamerudisha karibu kila kitu kilichoondolewa. Mahali pamoja tu, katika tukio la kipigo cha polisi, picha haikupatikana tena. Mtazamaji husikia sauti peke yake.